Sabuni Ndani ya Bomba: Mafuta ya Turkana Yatafikaje Baharini?

Ukisimama pale steji ya Migori mjini, au kando ya barabara inayotoka Rongo kwenda Homa Bay, utayaona malori ya mafuta yakipita na maandishi mekundu ya kuonya watu wasivute sigara. Ndani mna petroli, dizeli au mafuta ya taa. Yote haya ni mepesi. Ukiyamwaga yanakimbia kama maji. Kwa hivyo wengi wetu tukisikia ati Kenya ina mafuta kule Turkana, tunafikiria ni kitu kama hicho: unatoboa shimo, unaunganisha bomba, mafuta yanateremka mpaka baharini, nasi tunakuwa matajiri kama Waarabu. Kumbe mambo sivyo yalivyo. Mafuta ghafi ya Turkana yakitoka ardhini na kupoa, hayamwagiki. Yanaganda mithili ya Kimbo ndani ya mkebe wakati wa asubuhi. Hata jua la Lokichar, ambalo si la mchezo, halitoshi kuyayeyusha yakae sawasawa.

Basi katika makala haya nataka kueleza ni kwa nini mafuta hayo yanaganda, watu wanafanyaje ili yasafiri, na kama ni kweli kwamba sabuni inaweza kusaidia. Suala la sabuni lilizuka katika klabu yetu ya sayansi, likaleta ubishi uliochukua wiki mbili. Wengine walicheka. Mimi niliona si jambo la kuchekwa.

Tuanze na historia kwa ufupi. Mnamo Machi 2012 kampuni ya Tullow kutoka Uingereza ilitangaza kwamba kisima cha Ngamia 1, katika bonde la Lokichar, kimepata mafuta. Majirani zetu wa Uganda walikuwa wameyapata yao tangu mwaka 2006, kando ya Ziwa Albert. Mafuta ya nchi zote mbili yana tabia moja: yamejaa nta. Ndiyo, nta, jamaa ya ile tunayowasha umeme ukipotea. Wenzangu wa kidato cha tatu wanakumbuka somo la haidrokaboni. Kaboni zikiwa chache kwenye mnyororo, kitu ni gesi, kama ile ya kupikia. Zikiongezeka inakuwa petroli, halafu mafuta ya taa, halafu dizeli. Zikipita ishirini hivi zimejipanga kwenye mstari ulionyooka, unapata nta, ambayo ni kitu kigumu. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa yote haya. Chini ardhini kuna joto jingi, kwa hivyo nta imeyeyuka humo ndani na mafuta ni maji maji. Yakipanda juu na kupoa, nta inaanza kujitenga. Hujitenga kwa vijipande vidogo vyembamba kama magamba ya samaki, vijipande hivyo vinashikana, vinajenga kitu kama wavu, na mafuta mepesi yanabaki yamenaswa ndani ya wavu huo. Mafuta mengi hayajaganda kwa kweli, yamefungwa tu! Nta kidogo yaweza kuyashika mafuta mengi.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo, na ndipo nataka msomaji anifuate polepole. Mafuta kuwa mazito ni hali mbili tofauti, hata kama kwa macho zinafanana.

Hali ya kwanza ni ya molasi. Aliyewahi kupita Awendo karibu na kiwanda cha sukari anaijua molasi, ile nyeusi inayonata. Molasi haijaganda. Inamwagika, lakini inajivuta kama mtu aliyeamshwa usiku. Kuna mafuta ghafi ya namna hiyo duniani, meusi, mazito kama lami. Yako Venezuela na Kanada kwa wingi. Uzito wake hautokani na nta bali unatokana na molekuli kubwa kubwa zilizosongamana, jamii ya zile zilizomo kwenye lami ya barabara.

Hali ya pili ni ya mafuta ya mbuta. Nendeni pwani yoyote ya ziwa letu, Mbita, Kendu Bay, Sori au Muhuru, mahali wanapokaanga mgongo wazi. Mgongo wazi, kwa wageni, ni mifupa ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Karai likiwa motoni, mafuta ni mepesi na yanaruka ruka. Likipoa, hasa kama mwenye kukaanga amechanganya na mafuta ya kupikia ya mkebe, asubuhi unakuta utando mweupe umeshika kwenye karai. Huu ni mgando. Ukilipasha karai joto kidogo, mgando unatoweka kana kwamba haukuwapo.

Mafuta ya Turkana na ya Uganda ni ya namna hii ya pili. Tena yale ya Turkana wataalamu wanayaita mafuta mepesi na mazuri, kwa sababu hayana salfa nyingi na yakisafishwa hutoa petroli na dizeli safi. Ubaya wake ni huo mgando tu. Nikiwa mkweli, jina "mafuta mazito" si haki yake. Ni mafuta mepesi yaliyovaa koti la nta.

Sasa, dawa ya kwanza ya mgando kila mtu anaijua: joto. Ndivyo Kenya ilivyofanya. Kuanzia Juni 2018 malori yalianza kubeba mafuta kutoka Lokichar hadi Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, katika matangi maalumu yanayohifadhi joto, kama thamosi ya chai iliyowekwa magurudumu. Kule Mombasa yaliwekwa kwenye matangi ya kiwanda cha Changamwe, ambacho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Mnamo Agosti 2019 shehena ya kwanza, mapipa yasiyopungua 200,000, ilipakiwa melini ikauzwa nje kwa takriban dola milioni 12. Magazeti yaliandika sana. Lakini lori halifanyi biashara ya mafuta. Lori moja linabeba kidogo, linakunywa dizeli njia nzima, na barabara inaharibika. Kazi hiyo ilisimama, na mwaka 2025 Tullow iliuza mali yake ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy. Bomba la kutoka Lokichar hadi Lamu, la kilomita zaidi ya 800, limezungumzwa kwa miaka mingi na bado liko kwenye makaratasi. Nalo limepangwa liwe la kupashwa joto.

Waganda wao wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2016 waliamua kwamba mafuta yao hayatapita Kenya, yatapita Tanzania. (Hapa Wakenya tulinuna kidogo.) Bomba lao linaitwa EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani karibu na Tanga. Kilomita 296 ziko Uganda, zilizobaki zote ziko Tanzania. Uamuzi wa mwisho wa kuweka pesa ulifanywa Februari 2022, na kampuni kubwa ndani yake ni TotalEnergies ya Ufaransa. Bomba hilo limefunikwa kwa tabaka la kuzuia joto lisitoke, na kando yake zimepitishwa nyaya za umeme za kulipasha, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za Selsiasi. Husemwa kwamba litakuwa bomba refu kuliko yote duniani yanayopashwa joto. Hebu fikiria: pasi ya umeme ya kilomita 1,443!

Joto lina faida yake. Haliongezi kitu chochote ndani ya mafuta. Yanaingia mafuta, yanatoka mafuta. Lakini gharama yake ni kubwa, na pia kuna hofu ya aina moja ambayo haiondoki. Ikiwa umeme utapotea siku nyingi na pampu kusimama, mafuta yatapoa mle ndani, nta itajenga wavu wake, na bomba litakuwa mshumaa mrefu uliozikwa. Kuanza kuyasukuma upya ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana watu wakaanza kutafuta njia nyingine, na hapo sabuni inaingia.

Sabuni hufanya nini hasa? Ukishakula mgongo wazi, nawa mikono kwa maji baridi peke yake. Maji yanateleza juu ya mafuta, mkono unabaki vile vile. Maji na mafuta havielewani. Molekuli za maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu, na mafuta hayana cha kuzishikia. Sasa paka sabuni. Molekuli ya sabuni imeumbwa kama kiluwiluwi: ina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaopenda mafuta. Mkia unachomeka kwenye tone la mafuta, kichwa kinabaki nje majini. Vikija viluwiluwi vingi, tone linazungukwa pande zote, na kwa nje maji hayaoni mafuta tena, yanaona vichwa tu. Basi tone linakubali kuelea ndani ya maji na kwenda na maji. Vitu vyote vyenye tabia hii, iwe sabuni ya mche, sabuni ya unga au kemikali za viwandani, wataalamu huviita safaktanti, maana yake ni vitu vinavyofanya kazi pale kwenye mpaka, uso wa kimoja unapokutana na uso wa kingine.

Angalieni jambo hili: sabuni haikuyageuza mafuta kuwa kitu kingine. Yaliyomo ndani ya tone ni yale yale, mazito kama yalivyokuwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kinachogusana na ukuta wa bomba ni maji. Mafuta yanabebwa kama abiria. Abiria akiwa mnene au mwembamba si hoja sana, mradi gari linakwenda.

Mchanganyiko kama huo huitwa emulsheni, na tunao nyumbani. Maziwa ni emulsheni: matone madogo ya mafuta ndani ya maji, na maziwa yanamiminika bila taabu. Blue Band nayo ni emulsheni, lakini imegeuzwa: ni matone ya maji ndani ya mafuta. Nani aliwahi kumimina Blue Band? Kwa hivyo ukitia safaktanti isiyofaa, au ukikosea kipimo cha maji, unaweza kutaka maziwa ukapata Blue Band, na bomba lako likawa baya kuliko mwanzo. Hatari hii ipo kweli katika visima vya mafuta. Maji ya ardhini yakichanganyika na mafuta ghafi bila mpango hutengeneza uji mzito unaowasumbua wahandisi kila siku.

Akina mama na vijana wanaotengeneza sabuni ya maji hapa kwetu wanajua kioja kingine cha safaktanti. Wananunua Ungerol dukani, wanakoroga na maji, halafu wanaongeza chumvi. Chumvi inafanya sabuni iwe nzito, ipendeze kwa mnunuzi. Wakizidisha chumvi, inarudi kuwa maji tena. Mimi nilipoliona hili kwa mara ya kwanza nilishangaa, kwa maana nilidhani chumvi ni ya kuongeza ladha tu. Sababu ni kwamba chumvi inabadilisha namna viluwiluwi vile vinavyojipanga. Kwa watu wa mafuta hili si jambo dogo, kwa kuwa maji yanayotoka kisimani pamoja na mafuta mara nyingi huwa na chumvi. Sabuni ya mche ndiyo haifai kabisa huko. Ikikutana na maji magumu inafanya ukoko mweupe, kama ule tunaouona kwenye beseni. Kwa hivyo hutumiwa safaktanti za kiwandani, nyingine zikiwa jamaa wa karibu wa zile zilizomo katika sabuni ya unga ya kufulia.

Je, kuna mahali jambo hili lilifanyika kweli, si maabara tu? Naam. Venezuela, katika ukanda wa mto Orinoco, kuna mafuta ya ile hali ya molasi, mazito kupita kiasi. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa kampuni ya taifa ya mafuta walichanganya sehemu 70 za mafuta hayo na sehemu 30 za maji, wakatia safaktanti kidogo, isiyofika hata sehemu moja katika mia. Wakapata kitu kinachosukumika katika bomba na kupakiwa melini. Wakakiita Orimulsion. Kiliuzwa kwa mitambo ya kutengeneza umeme katika nchi kama Kanada, Denmark na Italia. Biashara hiyo ilikoma katika miaka ya 2000, Venezuela ilipoona kwamba mafuta yale yana faida zaidi yakiuzwa kwa njia nyingine.

Kuna siri moja katika hadithi ya Orimulsion ambayo wenzangu klabuni hawakuizingatia. Wale wateja walikuwa wanaichoma jinsi ilivyo, maji na yote. Hakuna aliyehitaji kuyatenganisha. Lakini mafuta ya Turkana ni ya kupelekwa kiwanda cha kusafisha, na kiwanda hakitaki maji. Ina maana kwamba pale Lamu ungepaswa kuivunja emulsheni, uyatoe mafuta, halafu ubaki na ziwa la maji yenye sabuni na mabaki ya mafuta. Utayapeleka wapi? Baharini, kwenye mikoko na kamba?

Na maji yenyewe utayatoa wapi? Nilifanya hesabu. Tuseme unasafirisha mapipa 100,000 ya mafuta kwa siku kwa kipimo cha Venezuela. Utahitaji mapipa kama 42,900 ya maji. Pipa moja la mafuta ni lita 159. Hizo ni lita karibu milioni 6.8 kila siku, katika kaunti ambayo akina mama hutembea masafa marefu na mitungi kutafuta maji. Tayari kampuni ilikuwa na mpango wa kuvuta maji kutoka bwawa la Turkwel kwa ajili ya kusukuma mafuta chini ardhini. Ukiongeza mengine ya kuoshea bomba, nani atawaangalia watu machoni? Kwa maoni yangu, hoja hii peke yake inatosha kuiangusha emulsheni kwa upande wa Turkana, hata kama kemia yake ni nzuri.

Lakini ubishi haukuishia hapo, kwa sababu kuna njia ya tatu, nayo haitaki maji. Badala ya kuyageuza mafuta yawe matone, unashughulika na vile vijipande vya nta. Unatia kemikali kidogo sana, pengine gramu mia kadhaa tu kwa tani nzima ya mafuta, mafuta yakiwa bado moto. Yanapopoa na nta kuanza kujitenga, kemikali hiyo inajibandika kwenye kila kijipande kikiwa bado kichanga. Nyingine ni safaktanti, ambazo mkia wake unashika nta na kichwa kinazuia kijipande kingine kisikaribie. Nyingine ni molekuli ndefu za plastiki. Moja maarufu ni ile ile jamii ya plastiki inayotengenezwa nyayo laini za champali, ajabu kweli. Matokeo ni kwamba nta inaganda kama kawaida lakini haiwezi kujenga wavu. Inabaki vijipande vilivyotawanyika, kama pumba ndani ya uji, na uji unaendelea kutiririka.

Njia hii hutumiwa sehemu nyingi duniani. Udhaifu wake ni kwamba kila mafuta yana nta yake. Dawa iliyofanya kazi nchi moja inaweza kushindwa nchi nyingine, kwa hivyo lazima ijaribiwe upya kwa kila kisima. Pia mafuta yakiwa na nta nyingi kama haya ya kwetu, dawa peke yake mara nyingi haifiki mbali; inapunguza kiasi cha joto kinachohitajika, haiondoi haja ya joto. Nadhani hapo ndipo jibu la busara lilipo, joto pamoja na dawa kidogo. Mwenzangu mmoja bado anashikilia joto tupu, naye ana sababu zake, hasa kwamba kila kemikali unayotia inagharimu pesa kila siku, wakati koti la bomba unalinunua mara moja.

Pengine msomaji wa Mbita au Karungu anauliza, haya ya Turkana yanatuhusu nini sisi wa ziwani? Yanatuhusu. Bomba la EACOP limepitishwa magharibi na kusini mwa Ziwa Victoria, katika mikoa ya Kagera, Geita na kuendelea, likikata mito inayoingia katika ziwa hili hili tunalovua omena. Mafuta yakivuja huko, mtu wa kwanza atakayesema "leteni sabuni" ni lazima ajibiwe kwa habari ya Torrey Canyon. Hiyo ni meli iliyogonga mwamba karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, Machi 1967, ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi. Ili kuyatawanya, zilimwagwa takriban tani 10,000 za kemikali za jamii ya sabuni. Mafuta yalitawanyika kweli. Lakini wanasayansi waliochunguza fukwe baadaye walikuta kwamba kemikali zile ziliwaua viumbe wa pwani kuliko mafuta yenyewe. Konokono wa baharini waliokuwa wakila mwani walikufa kwa wingi, na miamba ikageuka kijani kwa mwani uliokosa wa kuula. Dawa za siku hizi zimepunguzwa ukali, lakini kanuni haijabadilika. Samaki hupumua kwa matamvua, na tamvua ni ngozi nyembamba mno ambako maji na damu hukaribiana. Safaktanti hufanya kazi yake kwenye mipaka ya namna hiyo hiyo. Haichagui kati ya karai na tamvua. Tena mafuta yanayoelea unaweza kuyazingira na kuyachota; yakishatawanywa kuwa matone, yamekuwa sehemu ya maji, na omena anayameza.

Kwa wale wanaotaka kuona kwa macho yao, hapa naeleza jaribio tulilolifanya maabara mwalimu wetu wa kemia akisimamia. Tafadhali msilifanye jikoni, wala karibu na moto wowote.

Tulikwangua mshumaa mdogo ndani ya nusu glasi ya mafuta ya taa, kwenye chupa ya jamu. Tuliiweka chupa ndani ya karai la maji moto yaliyokwisha kuepuliwa, tukakoroga mpaka nta ikayeyuka yote. Ilikuwa maji maji, safi, unaona hadi ng'ambo ya pili. Tukaiacha ipoe hadi kesho yake. Asubuhi tuliigeuza juu chini mbele ya darasa na hakuna kilichomwagika. Hayo ndiyo mafuta ya Turkana, kwa mfano wake.

Chupa ya pili tuliifanya vile vile, ila ikiwa bado na moto tuliongeza maji ya vuguvugu na kijiko cha sabuni ya maji, tukafunga na kutikisa kwa nguvu. Kwanza tulifuata kipimo cha Venezuela, maji yawe theluthi hivi. Tulipata uji mzito mweupe uliokubali kumiminika, lakini kwa kubembelezwa. Tukaongeza maji mpaka nusu kwa nusu, tukatikisa tena. Ilipopoa ilimwagika kama maziwa ya Brookside, na nta ile ile, mafuta ya taa yale yale. Darasa lilipiga makofi.

Siku ya tatu maziwa yetu yalikuwa yameanza kufanya malai juu. Tukatia chumvi vijiko kadhaa kuona kama yatatengana, na polepole yakatengana: juu utando wa nta na mafuta, chini maji ya rangi ya moshi. Utando tuliukusanya kwa kijiko. Lile la maji lilileta mjadala. Mmoja wetu alishika chupa aende kuyamwaga kwenye sinki, mwalimu akamuuliza sinki inamwaga wapi. Inamwaga mtaroni, mtaro unaingia kijito, na kijito kinajulikana kinakokwenda. Kwa hivyo chupa ingali pale kwenye dirisha la maabara, imefungwa, imeandikwa tarehe. Aliye na wazo la pa kuyapeleka maji yale na amwone katibu wa klabu ya sayansi wakati wowote baada ya michezo.